Kumtafuta Rubani Pua Ndefu

Abdihafid wa Galbet, dalali wa ngamia katika soko la mifugo la Garissa, alikuwa mkweli katika kila jambo isipokuwa umri wa ngamia. Hata hivyo watu walimwita Mashua. Jina hilo alijitafutia kwa mdomo wake mwenyewe, maana hakuacha kuwasimulia wanywaji chai kwamba wakati wa vita vya Hitla ndege yenye tumbo la mashua ilitua juu ya Mto Tana, na babu yake, mzee Barre, akamwopoa rubani Mzungu aliyekuwa akizama. Na Garissa ikishakubandika jina, hata mkeo hulisahau lile la akika.

Aliyavumilia hayo miaka nenda miaka rudi, mpaka Salat, dalali mwenzake, alipoleta posa ya mwanawe Deeq kwa Filsan, binti wa Abdihafid. Kisha huyo huyo Salat akageuka mbele ya watu sokoni.

"Ndege ya kuogelea? Wallahi, mtu anadanganya sisi juu ya ndege, kesho atadanganya sisi juu ya mtoto. Lete huyo rubani wako kwanza. Harusi baadaye!"

Watu walivunjika mbavu. Filsan hakucheka, kwa kuwa alimpenda Deeq.

Basi msako ukaanza. Filsan, ambaye ni mwalimu wa sekondari, aliandikia ofisi moja ya kumbukumbu za vita huko Uingereza. Wakajibu kwa adabu: tafadhali tupe jina la rubani na namba yake ya jeshi.

"Jina yake ni Sandheere," alisema Abdihafid.

"Aabo, hilo si jina," Filsan alimwambia baba yake. "Hiyo ni Pua Ndefu tu."

"Babu alimpa siku ile ile. Nani angeuliza ingine?"

"Na namba?"

"Namba! Huyo ni mtu ama gari? Mimi ngamia yangu hakuna moja iko na namba, na yote najua mama yake mpaka bibi yake. Waulize yeye ni mtoto wa nani, ukoo gani."

Filsan akaandika hivyo hivyo, Pua Ndefu na ukoo gani. Nafikiri ofisi ilicheka kwanza, halafu karani mmoja mwenye huruma akatuma picha za vikosi vya ndege za majini. Abdihafid akavaa miwani, akazikagua kama anavyokagua ngamia, pua kwanza, kisha taya, kisha shingo, huku akilalamika kwamba hakuna hata mmoja aliyeachama aonyeshe meno.

"Ni huyu!"

"Huyo ameandikwa mpishi, Aabo."

"Basi huyu. Pua kama hii hununui sokoni, unarithi."

Chini ya pua hiyo paliandikwa Arthur, rubani. Kumbukumbu zake za utumishi zilipofunguliwa, kweli alirusha ndege-mashua, na kweli alipelekwa Afrika Mashariki kuwinda nyambizi. Filsan akamtafuta mjukuu wa Arthur mtandaoni, na siku ya soko, kwenye kibanda cha chai, Salat akiwa mstari wa mbele, mama wa Kiingereza akatokea kwenye simu na pua ile ile.

"Subhanallah," alisema Salat. "Pua haidanganyi."

Abdihafid akavimba kichwa. Yule mama akasimulia, Filsan akatafsiri, kisha ghafla sauti yake ikafifia. "Anasema... babu yake na mzee Barre walisaidiana mtoni."

Lakini dalali anamjua mtu anayeficha kilema cha mnyama. "Filsan. Sema yote."

"Anasema ndege ilitua salama, Aabo. Babu yake alikaa juu ya bawa akivuta sigara. Mzee Barre akaja na kamba. Alidhani ile ndege ni mnyama aliyepotea, akaingia majini amfunge miguu. Hakujua kuogelea. Rubani ndiye aliyemwopoa, akamvuta kwa ndevu."

Chai zilimwagika. Salat alicheka mpaka akashikilia nguzo ya kibanda. Abdihafid aliona aibu, aibu yenyewe hasa, ya kutamani ardhi ipasuke. Angeweza kusingizia mtandao. Badala yake aliichukua simu kwa mikono miwili.

"Mwambie mwaka ule babu yangu alikuwa hajaoa. Baba yangu alikuwa hajazaliwa. Mwambie asante."

Filsan akamwambia. Yule mama akalia, na Salat akaacha kucheka: rubani ameletwa, harusi iwepo.

Siku ya nikaha sheikh aliuliza nasaba ya bibi harusi. "Filsan binti Abdihafid," alianza baba yake, "bin Alio, bin Barre." "Na Barre alitolewa majini na Arthur, Mungu amlipe."

Sheikh aliinua kalamu. "Na huyo niandike?"

"Andika," alisema Salat. "Huyo ni mkwe wetu."