Mgongo wa Kubebea Mtoto

Nilijifungua kwa shida. Mtoto alitanguliza matako, na waliponishusha pale kitandani nilikuwa na binti mwenye sauti ya tarumbeta na mgongo ambao haukuwa wangu tena. Nikiinama, kitu kilinikamata kiunoni kama koleo la fundi chuma. Daktari akaniandikia aspirini, akasema, "Pumzika." Apumzike nani? Sisi tulikaa Malangali, juu ya mji wa Sumbawanga, na bomba la maji lilikuwa chini ya mteremko. Kuna kuni, kuna nepi, kuna ugali, na Jumamosi kuna shamba la ujamaa. Yule daktari alikuwa amevaa shati lililonyooshwa vizuri kabisa, na sidhani kama alilipiga pasi yeye.

Kila mwanamke anajua mtoto anavyopandishwa mgongoni. Unainama mpaka mgongo unakuwa meza, unamlaza mtoto juu yake, unamtupia kanga, unakaza kifuani, ndipo unasimama. Mimi sikuweza kuwa meza. Nikitaka kumbeba ilibidi niite jirani anipandishie, na jirani naye ana shughuli zake. Basi mtoto akawa wa kulala kitandani, na mimi nimesimama juu yake kama askari wa zamu, nafua kwa kupiga magoti, nafagia kwa fagio la mpini mrefu ambalo mume wangu alinitengenezea. Alikuwa mume mwema. Nalisema mapema kwa sababu huko mbele mtamchukia kidogo.

Mama mkwe alipopanda kutoka Milepa kuja kumwona mjukuu, mambo yakaharibika mlangoni. Kwetu Ufipa mwanamke hamsalimu mkubwa wake kwa kumkodolea macho. Unashuka chini, unapiga makofi polepole, unaulizwa habari za nyumbani, za shamba, za mifugo, unajibu, makofi yanaendelea. Mimi nilisema shikamoo nimesimama wima kama mlingoti wa bendera, nimeshika fremu ya mlango.

"Marahaba," akasema. Akanitazama kutoka miguuni kwenda juu. "Ndicho mlichofundishwa sekondari?"

Mume wangu akajaribu kueleza habari za mgongo. Mama akasema yeye pia ana mgongo, kila mtu ana mgongo, hata mbuzi ana mgongo. Lakini alikaa, akaona. Akaona mtoto analia na mimi natafuta jirani. Siku ya kuondoka akatoa uamuzi, naye hakuutoa kwa ubaya, aliutoa kama mtu anayegawa chakula.

"Huyu akianza kutambaa na kula uji, nitakuja kumchukua. Atakulia kwangu. Wewe utapona polepole, utazaa wengine."

Nikamgeukia mume wangu. Akasema, "Mama anataka kusaidia."

Nililia kwa hasira mpaka maziwa yakakatika siku ile. Milepa ni bondeni, kuna joto na mbu, na mtoto wangu alizaliwa kwenye baridi ya Sumbawanga. Hiyo ndiyo sababu niliyokuwa naitoa kwa watu. Sababu yenyewe ilikuwa kwamba ni wangu.

Mtu aliyenisaidia alikuwa mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini. Msifikirie mgeni. Alizaliwa hapa hapa Sumbawanga, na Kifipa chake kiliwashinda makarani wote waliohamishiwa kwetu kutoka Mbeya. Miaka ile rafu zake zilikuwa nusu tupu, na kwenye mikutano watu kama yeye waliitwa wanyonyaji. Mimi balozi wa nyumba kumi alikuwa ameshaniita kupe, kwa sababu sikuonekana shambani na nina cheti cha kidato cha nne. Kwa hiyo siku nilipoingia dukani kutafuta uzi, na uzi ukaanguka, na mimi nikabaki nautazama pale sakafuni kama umeangukia kisimani, tulikuwa kupe na mnyonyaji.

Hakuniokotea. Akauliza, "Tangu lini?"

"Tangu kuzaa."

"Unaweza kulala chini?"

"Kulala naweza. Kuamka ndiyo kazi."

Akafunga mlango wa duka mchana kweupe, akaniingiza chumba cha nyuma, kati ya magunia na mafuta ya taa, akatandika mkeka. Akasema mama yake alimfundisha hayo baada ya uzazi wake wa kwanza, na yanaitwa yoga.

"Ni dini?" nikauliza, kwa sababu mimi ni Mkatoliki na Jumapili haiko mbali.

"Kwako ni mgongo," akasema. "Lala."

Nilitegemea dawa. Labda mafuta, labda kukandwa na maji ya moto. Hakunigusa. Nilale chali, nikunje magoti, niweke mikono tumboni, nipumue.

"Napumua."

"Hupumui."

"Ningekuwa nimekufa, mama!"

"Unavuta ya juu tu, kama mtu anayesubiri kupigwa kofi. Vuta mpaka mkono ulio tumboni upande."

Mkono haukupanda. Nilivuta, nikavuta, mabega yakanifika masikioni, na tumbo limekakamaa kama ngoma. Nikakasirika. Nilikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu, leo nashindwa kupumua? Yule mama alikaa kwenye gunia la chumvi anapinda upindo wa gauni la mtu, hata hanitazami. Hakuna aliyekuwa ananitaka maji, wala titi, wala majibu. Baada ya muda mkono ukapanda kidogo, na machozi yakaanza kutoka yenyewe, yakaingia masikioni. Sikuwa na huzuni yoyote, naapa. Ni kama bomba lililokuwa na hewa.

"Hiyo kawaida," akasema bila kuacha kushona. "Kesho njoo na nguo inayokufaa. Ukiinua miguu, kanga itatusaliti."

Nguo inayofaa ilikuwa bukta ya michezo niliyotoka nayo shuleni. Nikawa naivaa ndani ya gauni. Nikaenda kila nilipopata nafasi, mtoto nimemwacha kwa jirani, na baadaye nikawa naenda naye, nimemkumbatia kifuani. Tukavuta goti moja kifuani, halafu jingine. Tukasimama kwa mikono na magoti kama ng'ombe, mgongo ukishuka, halafu ukipanda kama paka aliyeamka mbele ya mbwa. Mara ya kwanza nilipofanya paka, kiuno kilitoa mlio, nikatukana kwa Kifipa nikisahau kwamba anakijua. Akacheka mpaka akajichoma sindano.

Tuligombana pia. Mimi nilitaka kumaliza. Akinionyesha kidogo, nafanya kikubwa, na usiku silali kwa maumivu, kesho yake nakuja nachechemea na kulaumu. Akanisema kwelikweli.

"Wewe unafanya kama unashindana na mtu. Nani yuko hapa?"

"Kuna mtu anakuja kuchukua mtoto wangu!"

Akaweka sindano chini. Sikuwa nimemwambia. Akauliza habari yote, nikampa. Nilidhani atasema basi tuongeze bidii. Akasema, "Basi ndiyo kabisa usikimbie. Ukiuvunja mgongo kwa haraka utampa mkweo sababu." Nilimchukia kwa jibu hilo, na nililifuata.

Maendeleo yenyewe yalikuwa madogo mpaka aibu kuyataja. Siku moja niliokota kijiko. Siku nyingine nilivaa soksi bila kukaa. Mtoto naye akaanza kukaa, halafu akaanza kutambaa, na mimi nilikuwa mama pekee Malangali aliyeona mwanawe anatambaa akatamani angerudi kulala kitandani.

Pozi nililolipenda kuliko yote ni la kupumzika: unapiga magoti, unakalia visigino, unajikunja mbele mpaka paji la uso linagusa chini, mikono umeinyoosha. Kiuno kinafunguka kama ngumi inayochoka. Nilikuwa nalifanya nyumbani, chumba cha mbele, nimevaa bukta, mtoto ananizunguka akitambaa kama mtu anayezunguka kilima. Ndivyo nilivyokuwa asubuhi mama mkwe aliposukuma mlango, mkononi kuku, nyuma yake utingo wa lori na gunia la mchele.

Kuku alilia kwanza. Halafu mama.

"Mume wako yuko wapi? Mwanangu, njoo uone! Mkeo amesilimu!"

"Mama, si..."

"Nimekukuta umesujudu! Na suruali ya ndani! Nimemwoza mwanangu Mkatoliki, leo nakuta anaswali mchana!"

"Mama, ningekuwa naswali ningeelekea Makka. Nimeelekea parokia!"

Utingo akacheka, akatua gunia na kukimbia. Majirani wakaja. Mume wangu alikuwa kwenye zamu ya mgambo. Aliporudi alikuta habari imeshamtangulia, kwamba nimesilimu, na wengine kwamba nimekuwa Mhindi. Akakaa kwenye kiti, kofia mkononi. Nikaeleza. Nikalala pale chini mbele yao nikaonyesha goti moja, goti jingine, ng'ombe, paka. Mume wangu alitazama pembeni kwa sababu ya ile bukta. Mama alitazama kila kitu.

"Kwa hiyo ni mazoezi," akasema hatimaye.

"Ni mazoezi."

"Mtu mwenye nguvu za kujinyonganyonga sakafuni hana nguvu za kumbeba mwanawe." Akavuta kifurushi, akaanza kukunja nguo za mtoto. "Lori linarudi kesho asubuhi."

Nikamwambia mume wangu aseme neno. Akasema, "Labda kwa muda tu, mama mtoto. Mpaka upone." Sauti ya upole ile! Nilitamani angenipiga kelele ili na mimi nimpigie. Nikamgeukia mama, nikauliza kwa ukali ambao haumfai mkwe, "Na wewe ulichukuliwa nani?"

Mikono yake ikasimama juu ya kisweta cha mtoto.

"Huyo," akasema, na kidole kikaenda kwa mume wangu. "Alichukuliwa na mama mkwe wangu hajaota meno. Nilikuwa nimeumia kama wewe. Aliporudi alikuwa anakimbia. Akaniita dada."

Mume wangu akainamia kofia yake. Alikuwa anajua, nikaona. Alijua siku zote na hakuwahi kuniambia.

"Ulitaka?" nikauliza.

"Nani aliniuliza?"

"Basi mimi niulize."

Hakuuliza. Aliendelea kukunja, lakini polepole, na kila nguo aliikunja mara mbili.

Asubuhi kulikuwa na ukungu na ule upepo wetu unaopita kwenye mshono wa koti. Mama alikuwa ameshavaa viatu. Mimi sikuwa nimelala, na mtu asiyelala husema maneno makubwa. Nikamwambia, "Nitambeba mimi mwenyewe mpaka bombani, nirudi na ndoo kichwani. Nikishindwa, mchukue."

Hakuna aliyenituma. Mdomo wangu tu.

"Haya," akasema.

Nikasimama katikati ya chumba, nikavuta pumzi mpaka chini, nikainama. Polepole, kidogo kidogo, mpaka mgongo ukawa meza. Mume wangu akanyoosha mikono, nikamwambia atoke. Nikamshika mtoto kwapani, nikamzungusha, akapanda, akanishika nywele. Kanga. Nikakaza. Nikasimama. Mama mkwe akanipisha mlangoni.

Kushuka na ndoo tupu kulikuwa rahisi. Bombani wanawake walinipisha foleni, wengine kwa huruma, wengine wapate kumwona vizuri huyo aliyesilimu. Wakanitwisha. Nikaanza kupanda. Mtoto aliimba njia nzima, anapiga mgongo wangu kwa viganja. Nilipofika kwenye ile kona ya mawe, koleo likanikamata kiunoni.

Nikasimama. Nyumba niliiona. Mlangoni niliwaona wawili wamesimama, hawakuwa mbali hata kidogo. Mimi ni mtu wa kufika. Mtu yeyote aliyesoma na mimi atawaambia. Nilijua nikikaza meno nitafika, na nilijua pia kwamba nikifika hivyo, kesho sitainuka kitandani, na keshokutwa mtoto ataondoka hata kama nimeshinda leo. Nilipumua pale nikilia kwa hasira, maji yananichuruzikia shingoni. Kisha nikashusha magoti kidogo, nikaishika ndoo kwa mikono miwili, nikaitua juu ya jiwe. Nikaiacha. Nikapanda na mtoto.

Mama mkwe alikuwa amesogea mpaka uani.

"Maji yako wapi?"

"Nimeyaacha njiani. Mtoto nimekuletea huyu hapa, nimembeba kwenda na kurudi." Nikainua kidevu kuelekea lile jiwe. "Ndoo mtu yeyote anaweza kuibeba."

Alizunguka nyuma yangu. Nikahisi mkono wake kwenye fundo la kanga, nikajua ndiyo sasa, anafungua. Nikashika mbele kwa mikono yote miwili. Lakini hakufungua. Alimsogeza mtoto juu kidogo, akakaza fundo, kwa nguvu, kama mtu anayefunga mzigo wa safari ndefu.

Mjini lori likapiga honi. Mume wangu akasema, "Mama, litakuacha."

"Liache liende," akasema. Akavua kitambaa chake cha kichwani, akakisokota ngata ya kutwikia ndoo, akateremka kwenda kufuata maji.