Sikio la Mzee Gozo na Akina Rapoto

Himila mfuga nyuki alikuwa mtu wa kunusa. Maziwa ya jirani alinusa, mkate wa jirani alinusa, hata salamu ya jirani aliinusa kwanza kabla hajaitikia. Ukimuuliza ameamkaje, yeye anajiuliza umeona nini uani kwake. Akienda kisimani alirudi njiani kuangalia kama mlango kaufunga, na akiukuta umefungwa anashuku kwamba mtu kaufungua akaufunga tena. Mumewe, Mungu amrehemu, alikufa kwa homa huku akiendelea kuulizwa homa hiyo kaitoa kwa nani.

Kumcheka, tulimcheka. Lakini tumtendee haki: pale kijijini kwetu Erlaha, asiyeshuku alikuwa hana akili timamu. Mabwana wetu wote waliitwa Rapoto. Katika ukoo ule mtoto mkubwa hurithi ngome na mdogo hupelekwa kanisani, na kwa kuwa babu yao Rapoto alishinda vita vyake vyote, hakuna aliyekubali kulikosa jina. Mtawala Rapoto alikuwa na baba mdogo, Askofu Rapoto. Walipokufa hao wakaja wengine, ndugu wa baba mmoja mama mbalimbali, na hao nao Rapoto na Rapoto. Sisi wanyonge tuliwaita Upanga, yule wa ngome, na Fimbo, yule wa kanisa, basi. Upanga akikunyang'anya ng'ombe, ukaenda kulia kwa Fimbo, unawakuta wawili hao wanakula bata sahani moja.

Himila hakuwa wa Upanga. Hilo ndilo lilikuwa jambo moja duniani alilojivunia. Mama yake alizaliwa mtumwa wa tajiri mmoja asiye na watoto, na tajiri huyo alipoona kifo kinabisha hodi, alimpeleka yule binti kanisani akamtoa kwa Mtakatifu Martino ili roho yake ipate nafuu. Mtu aliyetolewa kwa altare hana bwana mwingine. Kila mwaka siku ya mtakatifu anaweka nta juu ya altare kwa mkono wake mwenyewe, na yeye na wanawe wanakwenda wanakotaka, wanaolewa na wamtakaye. Kwa hiyo Himila alikuwa huru, na binti yake Liuta, mfumaji hodari kuliko wote bondeni, alikuwa huru, na mwaka ule alikuwa amechumbiwa na fundi seremala wa ng'ambo ya mto.

Sasa jirani yao wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mzee Gozo. Mzee huyu alivaa kofia ya sufu kiangazi na kipupwe, imeshuka hadi shingoni. Siku moja upepo uliwahi kuipeperusha, na Himila akaona: ndewe ya sikio la kulia haipo, limebaki pengo kama lililong'atwa. Ee! Kwetu mwizi ndiye hukatwa sikio. Himila hakuuliza. Aulize nini tena, wakati macho anayo? Tangu siku ile kuku akipotea ni Gozo, jembe likipotea ni Gozo, na hata vilipopatikana, kuku vichakani na jembe nyuma ya mlango, alisema Gozo kavirudisha kwa woga. Liuta alikatazwa hata kumwamkia.

"Mama, mzee wa watu anapita tu," Liuta alisema.

"Anapita anahesabu madirisha! Mwizi hazeeki, mwanangu. Anazeeka mguu, mkono hauzeeki."

Mavuno yalipokwisha, akaanza kuja Wezilo, msimamizi wa ngome ya Upanga. Mtu mnene, mcheshi, sauti ya asali. Alikuja na watu wake wawili na kipande cha jibini kilichofungwa kitambaa safi.

"Hodi kwa Mama Liuta! Nimepita tu kuwajulia hali."

Kupita tu! Kutoka ngome hadi kwa Himila ni mlima mzima. Himila alilipokea jibini kwa ncha za vidole, akaliweka juu ya mzinga mtupu, na wala hakulionja. Wezilo akamsifia nyuki, Himila akasema wana ukali. Akamsifia kitambaa alichofuma Liuta, Himila akakikunja akakikalia. Alipotaka kujua nta ya mwaka huu nani atampelekea kanisani, maana njia ina matope na yeye Wezilo ana farasi, Himila akamwambia mkono wa kuweka nta ni huu, na bado haujakatika. Kila mlango alioujaribu yule mtu, aliukuta una komeo.

Akasimama kuondoka. Akiwa kizingitini akapunguza sauti. "Na huyu jirani yako wa kofia, mnaishi naye salama? Maana nimesikia maneno, sijui ni ya kweli..."

Loo! Hapo ndipo komeo lilipofunguka lenyewe. "Salama gani, bwana msimamizi? Yule ni mwizi aliyehukumiwa! Sikio lake lilikatwa, nimeliona kwa macho yangu. Kama ni uongo, mkono huu unyauke!"

"Mnasikia?" Wezilo aliwaambia wale watu wake wawili. "Mama anasema kaona kwa macho yake."

"Nimeona! Nasema mbele yenu na mbele ya yeyote!"

Wezilo akashukuru sana, akaenda zake. Himila akawatupia nguruwe lile jibini, akakaa macho kutwa akiwatazama kama watakufa. Hawakufa. Hilo nalo likamtia shaka.

Kabla ya siku ya Mtakatifu Martino, mjumbe wa ngome akaja na neno. Mtawala Rapoto anadai mtu wake. Anasema mama yake Himila alitolewa kwa Rapoto, ndiyo, lakini kwa Rapoto mtawala, baba yake, si kwa askofu. Kwa hiyo Himila ni wake, na Liuta ni wake, na Liuta atakwenda kufuma ngomeni. Tulilijua lile banda la kufumia. Wasichana waliingia wanaimba, wakatoka wanakohoa, na kuolewa ni kwa ruhusa ya bwana, ambayo bwana alisahau kuitoa.

Himila alikimbia hadi kwa Padri Heimo, mtunza altare, akamkuta anapangusa vinara.

"Baba padri, si ninaleta nta kila mwaka? Si unaniona?"

"Nta naiona, binti yangu. Watasema hata watu wa mtawala huleta nta kwa hiari. Mimi sikuwapo siku ya mama yako. Siku ile wote wawili walikuwapo, askofu na mtawala, wamesimama bega kwa bega. Waliovutwa masikio ndio watakaosema ni nani aliyempokea."

Maana hiyo ndiyo desturi yetu. Jambo kubwa likifanyika, wanaolishuhudia huvutwa masikio mpaka machozi yawatoke, ili walikumbuke. Ngozi ya kondoo iliyoandikwa huliwa na panya, lakini sikio lililovutwa halisahau. Asiyevutwa si shahidi. Na huchanganywa watoto humo, kwa sababu watoto wataishi miaka mingi.

"Walivutwa kina nani?"

"Wengi wamekufa. Upande wa mtawala yupo Tagino msaga nafaka, anasema alivutwa na mtawala." Padri alikohoa. Kila mtu alijua kinu cha Tagino ni mali ya nani. "Upande wa altare kabaki mmoja tu. Alikuwa mtoto wakati ule. Jirani yako, Gozo."

Himila aliketi palepale kwenye ngazi ya altare.

Alipobisha hodi kwa mzee, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alikaribishwa kigoda na supu ya kabichi. Supu aliinusa, mazoea yana tabu. Mzee Gozo alivua kofia bila kuombwa.

"Umekuja kwa ajili ya hili," alisema. "Askofu mzee ndiye aliyenivuta. Rapoto wa fimbo. Mama yako alipiga magoti, kitambaa cha altare kikawekwa kichwani pake, na askofu akapokea mkono wake. Halafu akanigeukia mimi. Nilikuwa mtoto mkorofi, nikajinyofoa. Pete yake ilikuwa imeshika. Ndewe ikabaki kwenye pete."

"Yesu wangu! Na mbona hukusema siku zote hizi?"

"Uliniuliza lini? Uliniita mwizi mbele ya kijiji kizima, ningekuja mlangoni kwako kukuonyesha sikio? Mimi pia nina ujeuri wangu, Mama Liuta."

"Na sasa utanisemea?"

"Nilivutwa. Aliyevutwa husema. Wewe unaniitaje, hilo halihusu."

Mngedhani angeshukuru akalala. Wapi! Njia nzima ya kurudi, ambayo ni hatua chache tu za ua, alijiuliza mzee yule anataka nini. Mizinga? Kipande cha ua? Mtu hatoi kitu bure.

Baraza liliketi mbele ya mlango wa kanisa, mchana kweupe, watu wamejaa hadi makaburini. Mwamuzi aliketi katikati, Upanga kulia kwake, Fimbo kushoto. Sanduku la masalia ya mtakatifu likawekwa mezani. Himila alimtazama Fimbo, akitumaini atatetea mali ya altare yake. Fimbo alikuwa anatazama kucha zake. Nani atagombana na ndugu yake kwa ajili ya mjane na mizinga yake?

Tagino akaapa, macho chini, kwamba mama yake Himila alipokewa na Rapoto mtawala. Kisha akaitwa Mzee Gozo. Alivua kofia watu wote wakaona pengo, akaweka mkono juu ya sanduku, akasema aliyoyasema kwa Himila, neno kwa neno, hadi pete. Watu wakaguna. Mwamuzi akainama mbele kulitazama lile sikio, na uso wake ulionyesha kwamba ameamini. Hata Tagino alikuwa amegeukia ukuta. Liuta akaushika mkono wa mama yake.

Wezilo akasimama, taratibu, anatabasamu.

"Hadithi nzuri ya mzee. Lakini sikio halipiti kichwa, mabwana, na mwizi hapiti sheria. Mtu aliyekatwa sikio kwa wizi haruhusiwi kuapa."

"Ni nani anasema ni mwizi?" mwamuzi aliuliza.

"Si mimi. Ni huyo mama mwenyewe, anayemleta. Alisema mbele yangu na hawa wawili, akaulaani na mkono wake. Na aulizwe hapa, mkono ukiwa juu ya mtakatifu."

Jamani, mdomo uliponza kichwa. Himila alisogezwa mezani. Kidole chake kililigusa lile sanduku, na hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kusema uongo juu ya mifupa ile akabaki na mkono. Alimtazama Wezilo, ambaye jibini lake hakulila. Alijilinda na jibini, akajilinda na farasi, akajilinda na sifa. Kumbe yule mtu alikuja kuchukua kitu kimoja tu, na yeye akampa kwa kelele, kizingitini.

"Ulisema au hukusema?"

"Nilisema," alijibu. "Nilisema, lakini sikujua! Nilikuwa nashuku tu! Bwana mwamuzi, nashuku watu wote mimi, waulizeni hawa! Mzee huyu hajaiba hata yai!"

"Uliapa ni mwizi. Leo unaapa si mwizi. Tuchukue kiapo kipi?"

Hakuna aliyecheka. Sisi tuliokuwa tukimcheka kila siku, siku ile tulitazama viatu vyetu. Mwamuzi alinong'ona na Upanga, kisha akatamka: ushahidi wa Gozo hausikilizwi, mwanamke na uzao wake ni wa Rapoto mtawala. Maji yamemwagika. Yule fundi seremala wa ng'ambo ya mto alivaa kofia yake akaondoka bila kuaga.

Watu wa ngome wakaja kumchukua Liuta. Hakulia. Aliuachia mkono wa mama yake, na kabla hawajamshika akapita kati yao, akaenda hadi pale Mzee Gozo aliposimama, kofia mkononi, kichwa wazi kwenye baridi.

"Shikamoo, babu," alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu," mzee alijibu.

Kisha wakampandisha mkokoteni.

Kwa desturi, hukumu nayo ina mashahidi wake. Wezilo akapita akivuta masikio ya wanaume na watoto, na watoto wakapiga mayowe. Gozo alirukwa. Himila akajipenyeza, akasimama mbele ya msimamizi na kilemba chake kimevuliwa.

"Nivute na mimi."

"Wanawake hawavutwi, mama. Nenda nyumbani."

Watu walitawanyika. Mkokoteni ulikuwa umeshapanda nusu ya mlima. Himila alivuka uwanja, akapiga magoti matopeni mbele ya Mzee Gozo, akageuza kichwa upande.

"Basi nivute wewe, mzee. Nivute mpaka ling'oke."

Mzee Gozo alinyoosha mkono, akaligusa lile sikio, akauondoa mkono wake.

"Hapana, Mama Liuta," alisema. "Wewe hutasahau."