Thomasin Garbutt na Jina la Chini ya Ukurasa

Mtu akiniuliza ni nani katika mji wa York aliyekuwa mgumu kuliko wote kupunguza bei, nitamtaja Thomasin Garbutt, na nitamtaja kwa mapenzi, ingawa miaka yote niliyochukua vijitabu kwake kwa jumla nikavichuuze hakunipa hata kimoja cha bure. Alikuwa mwanamke mfupi, ncha za vidole nyeusi, maana alipanga herufi za madini ya risasi tangu alipoolewa. Mumewe Ezra ndiye aliyesimamia mtambo wa chapa, yeye akapanga maneno, na mtaa mzima wa Stonegate ulijua nani kati yao alikuwa na mkono mwepesi wa kazi. Watoto hawakujaliwa.

Ezra alikufa kwa ugonjwa wa kifua, mwaka ule wa baridi kali, Mfalme George wa Pili bado yuko hai. Kwa desturi ya kazi hii mjane huachiwa mtambo na kuuendesha, na hakuna aliyeshangaa. Wajane wa namna hiyo walikuwapo huku kwetu na London pia. Shida ilikuwa mafundi. Wachapaji wana baraza lao ndani ya kiwanda, lenye sheria zake na faini zake za bia, na mkubwa wao humwita baba. Baba wa kiwanda cha Garbutt alikuwa Jabez Skelding, pande la mtu, bega la kulia limepanda juu ya la kushoto kwa kuvuta mtambo. Fundi hodari, simnyimi haki yake. Aliacha udongo wa kaburi ukauke, akavaa koti safi, akaja kumposa Thomasin kiwandani, katikati ya vyungu vya wino.

"Nitafikiri," Thomasin akamwambia.

"Fikiri, Bibi Garbutt, lakini fikiri upesi. Baraza limeamua. Hatuvuti mtambo kwa amri ya mwanamke asiye na mume."

"Baraza ni wewe na wanaume wawili wanaokuogopa."

"Basi ni baraza dogo. Limeamua vilevile."

Kesho yake walivua aproni, wakazitundika, wakaenda zao kilabuni.

Alijua kuchagua wakati, huyo Skelding. Sikukuu ya Mtakatifu Martin, mwezi wa Novemba, ilikuwa inakuja, na soko lake. Ndipo watumishi wa mashambani wanapolipwa ujira wa mwaka mzima na kumiminika mjini wakitafuta mabwana wapya, riboni, pombe na vijitabu vya hadithi. Kitabu kinachowahi soko hilo huuzika. Kinachochelewa hufungiwa jibini. Thomasin alikuwa amekwisha kupanga herufi za kisa cha mjakazi aliyembwaga hakimu kwa maneno, kurasa zote ziko tayari, bado kuchapwa tu. Akilikosa soko lile, ama auze mtambo ama aolewe na Skelding.

Mimi nilimshauri aolewe. Nilikuwa na kikapu cha kujaza vijitabu.

"Shoga, mwanaume ana nguvu, kazi anaijua, halewi sana. Unataka nini tena?"

"Wewe ungekubali?"

"Mimi sina mtambo wa kuchukuliwa."

"Haya, umejijibu mwenyewe," akasema. Kwa sheria yetu mke hana chake. Mtambo, herufi, hata kofia aliyovaa, vyote vya mume. Akanitazama mikono. "Kunja mikono ya gauni lako. Kamwite Dinah."

Dinah Appleyard alikuwa mwokaji wa mkate, jirani wa mlango unaotazamana na wake, mjane naye, mikono kama magogo kwa kukanda unga. Alikuja akidhani ameitiwa chai. Thomasin akatupa kazi ya kwanza: kuloweka karatasi, kwa sababu karatasi kavu haishiki wino vizuri. Unazipitisha majini, unazipanga, unaziwekea jiwe juu, unaziacha zilale hivyo hadi kesho. Kisha akamwonyesha Dinah mipira ya ngozi ya kupakia wino, na ndoo inamolowekwa isikauke.

Dinah akanusa. "Hii ni siki?"

"Mkojo."

"Mkojo wa nani?"

"Wa kiwanda."

"Yaani wa Jabez Skelding? Thomasin, mimi mikono hii naitia kwenye mikate ya watu!"

"Utanawa. Na ukiona kinyaa, mkojo ni mkojo, tutajaza wetu."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Ndiyo maana tulisahau makaa. Mafundi, msimu wa baridi, huacha jiko la makaa karibu na karatasi zilizolowekwa. Sisi tulifunga mlango tukaenda kulala. Asubuhi tulikuta rundo zima limeganda, gumu kama kizingiti cha kanisa. Dinah aliligonga kwa kifundo cha kidole, likalia ko, ko.

Na nani amesimama mlangoni? Skelding, na mvuke unamtoka puani.

"Mmeanza kuuza barafu, mabibi?"

"Nunua pande moja ukapoze kichwa," nikamwambia.

Hakunijali. Alimwendea Thomasin, na lazima niseme alisema kwa upole. "Thomasin, acha mchezo. Sema ndiyo, na kabla ya adhuhuri watu wangu wako hapa, tumeyeyusha hii, tumechapa, umewahi soko. Sitakupiga. Utapanga herufi zako kama zamani."

Thomasin alijifuta mikono kwenye aproni. Alikuwa amechoka, na rundo lile la barafu liko mbele yake. Nilidhani yameisha, na nikaanza kuhesabu faida yangu.

"Jabez," akauliza, "na chini ya ukurasa wa kwanza, pale panapoandikwa aliyechapa, litakaa jina gani?"

"Langu. La nani tena?"

"Mume ningeweza kumzoea," Thomasin akasema. "Nenda kazini kwako."

"Sina kazi."

"Basi nenda kilabuni."

Alipotoka, Dinah alikuwa ameshakumbatia upande mmoja wa rundo. "Shikeni! Mikate imetoka sasa hivi, tanuri bado lina joto." Tukavuka barabara tukiyumba kama wabeba jeneza, watu wanatushangaa. Pande la kwanza alilitia ndani kabisa, pupa tu, likatoka na kingo za kahawia. Mengine tuliyaweka mdomoni mwa tanuri, yakayeyuka taratibu, tukayabandua karatasi moja moja.

Halafu tukachapa. Dinah alipaka wino, Thomasin akaweka karatasi na kuzitoa, mimi nikavuta. Usiombe. Mtambo ule unakuvuta nawe unauvuta, na jioni nilikuwa siwezi kuinua kijiko. Thomasin hakunisifu hata mara moja. "Vuta mpaka mwisho," alikuwa akisema, "hiyo herufi imetoka nusu, unataka mjakazi wetu ashindwe na hakimu?" Lakini usiku aliniletea mafuta ya bata, akanichua bega mwenyewe.

Sokoni nilianza na nakala zile za kingo za kahawia. "Hadithi ya moto, imetoka tanurini!" Wasichana wa mashambani walizinusa, wakanunua. Chini ya ukurasa palisomeka wazi: Kimechapwa na Thomasin Garbutt, mjane, Stonegate.

Skelding alirudi soko lilipokwisha. Hakuja Jumatatu, maana mchapaji hafanyi kazi Jumatatu hata dunia ikiungua. Alikuja Jumanne, kofia mkononi, wale wawili nyuma yake.

"Baraza limekaa tena," akasema.

"Likaamua nini?"

"Linaomba aproni zake."

"Zipo msumarini. Jina linabaki langu, na faini ya kuacha kurasa mtamboni bila kuchapwa ni bia ya kiwanda kizima. Dinah na huyu wamo."

Alilipa. Alifanya kazi chini yake mpaka mgongo ulipomshinda, na hakumposa tena, ingawa kila sikukuu ya Martin alimletea bata.

Mwaka wa pili Thomasin aliliondoa neno "mjane". Nilimlaumu sana. Nilimweleza kwamba mnunuzi humhurumia mjane, na huruma huongeza mauzo.

"Huruma kauzie kwingine," akasema, akanisukumia furushi langu. "Hivyo ni vitabu. Na bei ni ileile."