Mgeni Aliyesukuma Sahani

Pasta alipotuambia kwamba wageni wetu ni Montagnard, sisi mama wa Kongo tulicheka. Kwa Kifaransa neno hilo ni mtu wa mlima tu, na nusu yetu tumezaliwa mlimani, kule juu Kivu. Yaya, yule dada mkubwa wetu anayeongoza kikundi cha mama, akasema basi ni ndugu zetu. Pasta akaeleza kwamba hawa wanatoka milima ya Vietnam. Ni Wakristo, walikimbia kwa sababu ya kusali kwao, wakakaa miaka Thailand bila makaratasi. Sasa kanisa moja la huko lilituandikia tuwapokee watatu: bwana, bibi, na mtoto wa miezi mitatu.

Tulipewa wiki mbili. Flati ikapatikana Overport, hapa hapa Durban, juu ya maduka ya nguo, chumba kimoja na jiko dogo. Mimi nasuka nywele saluni, na jioni naenda shule ya watu wazima, kwa hiyo nilikuwa naenda kusugua asubuhi mapema. Kuta zilikuwa nyeusi kwa mafuta ya mpangaji wa zamani. Tulisugua mpaka vidole vikavimba. Godoro tulilibeba kichwani kutoka Berea, wawili mbele wawili nyuma, na kwenye robot, zile taa za barabarani, madereva wakatupigia honi. Mama mmoja alileta blanketi nne nzito, akisema watu wa mlima wanajua baridi. Ilikuwa Februari, jasho linatutiririka tukiwa tumesimama tu. Yaya akamwuliza kama anataka kuwapokea wageni au kuwachemsha.

Kuhusu chakula tulibishana zaidi. Mwisho tukanunua tambi zile za vikombe, sanduku mbili, kwa sababu tuliona wanatoka upande huo wa dunia. Kati yetu hakuna aliyekuwa anazila, ni watoto wetu tu.

Walifika Alhamisi jioni. Bibi alikuwa mwembamba, kijana, mtoto amefungwa mgongoni na kitambaa kama sisi tunavyofunga. Hapo roho yangu ikalegea. Pasta akaomba sala ndefu, ndefu kweli, kisha tukaandaa meza. Sasa kwetu sisi, chakula cha mgeni ni cha mgeni. Mwenyeji hagusi, hata watoto wanafukuzwa wasije wakakodolea macho sahani. Tukajipanga ukutani tukitabasamu. Bwana alionja kidogo, akaacha. Bibi aliinamisha kichwa, akafumba macho, akaisukuma sahani taratibu kwa mikono miwili.

Ijumaa bwana na pasta waliondoka alfajiri kupanga foleni ya makaratasi ya ukimbizi. Mimi na yaya tukabaki na bibi. Lugha hatuna, na simu ya kutafsiri haikuijua ya kwake. Tukaweka chai na mkate. Akainama, akafumba macho, akasukuma. Mchana tukaweka tambi. Vilevile. Yaya akaniangalia, machozi yanamlenga.

"Huyu mama amefunga," akasema. "Anamshukuru Mungu kwa safari."

Sikushangaa hata kidogo. Sisi wenyewe kila tulipovuka mpaka tulifunga. Mimi nilipofika Durban nilikaa siku tatu sijaonja kitu, na mpaka leo nazihesabu kuwa siku nzuri za maisha yangu. Tukaondoa sahani mezani tusije tukamjaribu. Halafu yaya akaona aibu, sisi tule huku mgeni anafunga? Akapigia mama wote simu: tunafunga pamoja naye mpaka Jumapili. Ndivyo tulivyomnyima chakula mama anayenyonyesha, na moyo wetu mweupe kabisa.

Jumamosi asubuhi nikakuta mtoto analia sauti imekauka. Nikambadilisha. Nepi ya usiku kucha ilikuwa kavu kama imetoka kwenye pakiti. Nikamwita dada mmoja Mkenya wa kanisa letu, ni nesi. Alikuja na sare yake ya kazi. Akagusa utosi wa mtoto, umeingia ndani. Akamweka titini, mtoto akavuta mara mbili tatu, akaachia, akalia tena. Nesi akauliza mama amekula nini. Yaya akajibu, na kiburi kidogo kilikuwemo, kwamba yuko kwenye mfungo.

"Mfungo gani, mama? Hapa anayefunga ni mtoto," nesi akasema. "Ikifika saa kumi bila kukojoa, huyu nampeleka hospitali."

Yaya akakaa chini. Mimi niliingia jikoni kuomba. Maneno mazuri hayakuja. Nilisema tu, Bwana, kama kosa ni letu, tuonyeshe. Siku hiyo ofisi za serikali zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo mume wa yule bibi alikuwepo, na alikuwa anajua Kiingereza kidogo, kama mimi. Nikamwita mlangoni nikamwuliza mke wake anafunga mpaka lini.

Alinitazama sana. Kisha naye akaniuliza, "Na ninyi, mnafunga mpaka lini?"

Akanieleza polepole. Kwao mwenyeji ndiye anaanza kula, mgeni anafuata. Alhamisi tulisimama wote ukutani, hakuna aliyegusa, na pasta aliomba muda mrefu. Ijumaa hatukutia kitu mdomoni mbele ya mke wake, na meza tukaifuta kabisa. Wakaelewa kwamba kanisa letu liko kwenye mfungo. Yeye mwenyewe alishindwa, akala mkate kule kwenye foleni. Lakini mke wake ni mtoto wa mhubiri. Alikuwa anakunywa maji usiku tu, akasema hawezi kula wakati watu wa Mungu wamefunga kwa ajili yake.

Nikamtafsiria yaya. Akajifunika uso na kitenge, mabega yakatikisika, na sikujua analia au anacheka. Kisha akanisukuma mgongoni. "Kimbia, lete chakula. Chochote."

Kwangu si mbali. Nilikuwa nimefunga mimi, watoto wangu hapana, na asubuhi ile niliwapikia sombe, majani ya muhogo niliyotwanga mwenyewe, na wali. Nikabeba sufuria zote mbili, watoto wakanilalamikia mpaka kwenye ngazi.

Tukatandika chini. Safari hii nilikula wa kwanza, mbele ya macho yake, tonge kubwa. Yaya akafuata. Nesi naye akaonja, akisema kwao majani haya ni ya mbuzi, halafu akajipakulia tena. Bibi alitutazama mmoja mmoja. Akavuta sufuria ya sombe, akanusa, akamwambia mume wake kitu haraka haraka, na bwana akacheka. Kwao pia wanatwanga majani ya muhogo, akasema, wanaweka na pilipili nyingi. Bibi alikula kwa mkono. Alikula sahani ya kwanza na ya pili bila kuinua uso, ya tatu akaomba pilipili kwa ishara ya kupuliza ulimi.

Kisha ikawa ni kungoja. Nesi aliweka simu yake mezani, saa ikionekana. Bibi alinyonyesha, akanywa chai, akanyonyesha tena, na mara ya tatu tukasikia mtoto anameza. Ile sauti ndogo ya kumeza, tulinyamaza wote kuisikiliza. Mama yake akasinzia ameegemea ukuta, na mimi nikampokea mtoto, nikamvua nepi kwa sababu ya joto, nikampakata.

Saa tisa haijafika, nikasikia umoto unanipenya mapajani. Nilikaa hivyo nimelowa sketi yote, namshukuru Bwana kimoyomoyo, mpaka nesi akaniuliza kwa nini nauchekea ukuta.