Usiende Kushika Kibakuli

Nakumbuka siku moja, mie mwari bado, shangazi yangu Bi Mwanaidi wa Bububu alinipiga teke. Si teke la mchezo. Alikuwa kalala kifudifudi mkekani, namkanda kiuno, mara mguu ukatoka nyuma kama wa punda ukanipata kifuani. Nikaenda chali. Mafuta ya karafuu yakanimwagikia mpaka masikioni.

Mwanangu, nakuhadithia teke hili kwa sababu ya mjukuu wangu Salma. Salma ni daktari. Nnalisema hilo kila pahala, hata kwa muuza samaki ambaye hakuniuliza. Ni katika wale wanaokutia usingizi ukapasuliwa usijue, na sasa anataka kusoma mwaka mwengine mzima, asomee maumivu tu. Mwanzo nilimkatalia. "Maumivu yanasomewa? Njoo ukae na goti langu hapa, lina shahada." Akacheka, akanieleza. Wapo watu kidonda kimepona na maumivu yamebaki. Wapo wenye saratani hawalali. Hao wanataka mtu anayejua sindano iingie wapi, dawa iwe kiasi gani, na lini asichome kitu ila akae amsikilize mgonjwa. Hapo nikamkubalia, maana mtu wa namna hiyo nimemtafuta sana kwa ajili ya goti hili.

Vyuo vitatu vikamkubali, na Ijumaa ilikuwa lazima ajibu. Akichagua kimoja, viwili vinampa mtu mwengine nafasi yake. Akaja kwangu Michenzani na simu mkononi, ananionyesha picha. Cha kwanza jengo la vioo, na maji yanaruka mbele ya mlango. Cha pili kiko karibu, akipanda ndege asubuhi adhuhuri keshafika. Cha tatu rangi imebanduka ukutani, na aliyepiga picha nadhani alikuwa anakimbia.

"Unataka kipi?"

"Cha kwanza, Bibi."

"Kina nini?"

"Kina jina."

Wallahi nikalisikia lile teke upya.

Maana na mie nilikwenda penye jina. Shangazi alinambia niende Mkokotoni kwa mkandaji mmoja aliyekuwa akichukua mwanafunzi mmoja tu. Mie nikabinua mdomo: Mkokotoni, kwenye harufu ya dagaa? Nikaenda Mji Mkongwe, kwa mkandaji aliyesifiwa na mji mzima. Mwenyewe mikono yake dhahabu, sitomsengenya. Lakini wanafunzi tulikuwa wengi hata kuta hazionekani, na kazi yangu mie ilikuwa kushika kibakuli cha mafuta. Mwalimu akinyoosha mkono, nnasogeza. Wanafunzi wakubwa wakinyoosha mkono, nnasogeza. Nikarudi Bububu najiita mkandaji, na watu wakaniamini kwa kusikia tu nilikotoka.

Shangazi ndiye wa mwanzo kunipa kiuno chake. Nikabonyeza. Akasema, "Hapo hapo!"

Sasa kule mjini, wagonjwa walikuwa wakisema "hapo hapo" huku wamefumba macho kwa raha, na mwalimu anazidisha. Basi na mie nikazidisha.

"Hapo hapo, wee!"

Nikatia kiwiko.

"Hapo hapooo!"

Nikapanda na goti. Ndipo likaja teke.

"Mwehu wewe! Nnakwambia hapo hapo ndipo panapouma, unanipanda kama mnazi?"

"Shangazi, kule kwa mwalimu wakisema hapo hapo..."

"Kule umesikia kwa masikio. Mkono wako umesikia nini? Hapo hapo ya raha mwili unalegea, ya maumivu mwili unakaza kama kamba. Utajuaje na wewe umeshika kibakuli?" Akakaa kitako, anajishika kiuno. "Ulipokwenda uliuliza sifa za mwalimu. Yupo mwanafunzi wake hata mmoja uliyemuuliza anafanya nini kutwa?"

Hakuwepo. Wiki ile ile nikaenda Mkokotoni kwenye dagaa, na siku ya kwanza tu yule mkandaji akaniwekea mgongo wa mtu chini ya mikono yangu, na mikono yake akaiweka juu ya yangu.

Salma alicheka mpaka akafuta macho. Nikamwambia, "Haya, wapigie wanafunzi."

"Nshazungumza na mkuu wa mafunzo, Bibi."

"Huyo ndiye mwenye duka. Atakwambia mchele wake una mawe?"

Akapiga chuo cha kwanza. Akapokea mwanafunzi mmoja, kijana ana adabu zake. Salma akamuuliza, "Sindano mnachoma wenyewe?" Kijana akasema, "Tunaangalia sana. Wakubwa ni wengi. Sisi tunapanga vifaa."

Nikapiga ukelele, "Kibakuli huyo!"

"Nani huyo?"

"Bibi yangu, samahani. Anasema umeshikishwa kibakuli tu."

"Mwambie Bibi kasema kweli."

Wa chuo cha pili akasema wanachoma wenyewe, lakini wagonjwa wao ni waliotoka kupasuliwa tu. Wa saratani na wa maumivu ya miaka hawawaoni. Wa cha tatu hakupokea, alikuwa na mgonjwa. Akapiga mwenyewe jioni, sauti imechoka. Sindano wanachoma, kliniki wanakaa, wagonjwa mahututi wanawafuata majumbani, na mwalimu anasimama ubavuni. "Na kulia utalia," akasema, "na chumba cha kulala kina joto."

"Ungeanza upya ungechagua hapo?"

"Hata kesho asubuhi."

Ijumaa Salma akajibu cha tatu. Jirani akaniuliza, "Chuo gani hicho, mbona hatukijui?" Nikamwambia, "Utakijua kiuno kikikukaza."

Usiku wa kuamkia safari alinikanda goti. Nikasema, "Hapo hapo." Akatoa mkono, akanitazama usoni. "Hapo hapo ipi, Bibi?"

Nikajua anakwenda salama.

Basi mwanangu, na wewe daktari unayechagua chuo, majengo yaache yasimame yenyewe. Mtafute anayesoma hapo sasa, umuulize mikono yake inafanya nini, wagonjwa gani inawagusa, na nani anasimama ubavuni ikikosea. Ukajue na chumba kama kina joto, ili usije ukalia kwa kushtuka. Mungu akupe mwalimu asiyekuficha, mkono unaosikia, na akukinge na teke la shangazi yangu. Nenda, urudi ututibu, na uanzie goti langu.