Kiboko Bubu

Ukitaka kumkasirisha Mzee Anwari wa Rumonge, mwambie kwamba kiboko ni kamba tu ya kuchapia. Ataacha alichoshika, akuangalie kana kwamba umemtukania mama. Kamba! Ngozi ya ng'ombe unailoweka, unaikwangua manyoya, unaikata ukizunguka kutoka ukingoni kwenda katikati mpaka ngozi nzima igeuke ukanda mmoja mrefu. Unaupaka mawese ulainike. Ndipo unapogawa kanda nne na kuzisuka, ukivuta sawasawa, maana mkono ukilegea mahali pamoja tu, hapohapo ndipo kitakapokatikia. Na mwishoni kabisa unafunga ulimi.

Ulimi ni kishungi cha katani, kirefu kama kidole. Ndio wenye kelele. Mchungaji anarusha kiboko hewani, ulimi unalia pa!, ng'ombe wanageuka bila hata mmoja kuguswa. "Kiboko ni cha kusema, si cha kula nyama," marehemu baba yake alimfundisha hivyo. Kisicho na ulimi walikiita bubu, na bubu hakisukwi. Basi, kama vile nguruwe haliwi.

Lakini wachungaji wenyewe siku hizi wako wapi? Tangu ng'ombe waamriwe kukaa zizini na kuletewa majani kama wagonjwa, wateja waliokuwa wakishuka kutoka Bugarama wamekatika. Anwari akabaki na mikono isiyo na kazi, na mkono wa fundi ukikaa bure, jamani, unawasha kuliko upele.

Ndipo akaja Jamali. Jamali ni jirani, mchuuzi wa mawese, mtu wa safu ya kwanza msikitini. Nyumba yake na ya Anwari zimeunganika, ukuta wa katikati ni mmoja. Akasalimia vizuri, akasifu viboko vilivyotundikwa barazani, akasema naye anataka kimoja.

"Kifupi, mzee. Na usiweke ile ulimi."

"Bila ulimi? Cha nini?"

"Cha mbwa."

Mbwa! Jamali, ambaye mbwa akimgusa kanzu anarudi nyumbani kuifua! Kartiye nzima, yaani mtaa wote, ilijua kwamba mle ndani mna kuku na mke, basi. Anwari naye alijua, wala si kwa kubahatisha. Lakini mdomo wake ukasema, "Sawa, nitakusukia," kwa sababu mikono ilikuwa imekwisha kufurahi.

Na alikisuka vizuri, hilo ndilo linalomuuma mpaka leo. Alikisuka akiimba. Kilitoka chembamba, kizito, kimenyooka, huoni pa kuanzia wala pa kuishia. Jamali alipokuja kukichukua, Anwari alimwomba angoje kidogo ili akitazame tena.

Mke wa Jamali, Aliya, ni mwenyeji wa Muhuta. Aliuza ndagala, wale dagaa wakavu, sokoni, mwanamke wa maneno mengi na kicheko kikubwa. Baada ya siku zile akawa anapita kimya. Joto la Rumonge unalijua, halina huruma, lakini yeye akaanza kuvaa mikono mirefu. Beseni la ndagala, alilokuwa akilibeba kichwani, akawa analiegemeza kiunoni. Anwari aliyaona yote hayo akiwa barazani kwake. Kila Aliya alipopita, mzee aliinama kuokota kitu ambacho hakikuanguka.

Asubuhi moja, Jamali akiwa ameondoka kwenda Gatete kununua mawese, Aliya aliingia uani kwa Anwari bila hodi. Akafungua kitenge alichokunja. Ndani mlikuwa na kiboko, kimeanza kung'aa kwa kutumika.

"Mzee, nimekuletea kazi," alisema. "Ukiwekee ulimi."

Anwari alinyoosha mkono. "Mwanangu, lete nikikate. Nakikatakata sasa hivi."

"Ukikikata atachukua waya. Weka ulimi."

"Ili iweje?"

"Ili kiseme! Mimi nimelia mpaka sauti imekauka, mzee. Ukuta iko mumoja, na hakuna mutu alikuja. Labda nyinyi watu wa hapa munasikia kiboko tu."

Hadija, mke wa Anwari, alikuwa mlangoni anachambua maharage. Aliweka ungo chini. Hakumtazama mumewe hata kidogo. Alimshika Aliya mkono, akasema, "Twende kwa shefu." Wakatoka, na Anwari akawafuata nyuma na kile kiboko, aibu imemjaa mpaka shingoni.

Shefu wa kartiye, mkubwa wa mtaa, aliwasikiliza uani kwake jioni, Jamali aliporudi na kuitwa. Majirani walijaa. Jamali alikuja anatabasamu.

"Kiboko ni cha mbwa," alisema. "Mbwa akakimbia. Huyu bibi yangu alianguka na beseni, ndiyo hizo alama." Kisha akawageukia watu. "Munaniona kila siku. Nani alisikia kelele kwangu? Aseme."

Kila mtu aliangalia miguu yake. Mmoja akanong'ona, "Wagombanao ndio wapatanao," na wengine wakaitikia kwa kichwa, wanafiki wakubwa.

Shefu akakuna shingo. "Mama, bila shahidi mimi nitafanya nini? Utarudi kwa bwana yako, mutaelewana."

Anwari alikuwa na njia nyeupe ya kutokea. Kiboko ni bubu, nani angemlaumu kwa kutosikia? Angesema tu kwamba alidanganywa habari za mbwa. Moyo ulimwambia, nyamaza, mzee, uzee wako uishe kwa heshima. Kisha akamwona Aliya. Hakuwa analia. Alikuwa anajifunga kitenge upya, tayari kurudi nyumbani.

"Mimi nilisikia," Anwari alisema.

Jamali aliacha kutabasamu.

"Hakuna mbwa. Nilijua hakuna mbwa hata wakati nakisuka. Na kilio chake nilikisikia tangu mara ya kwanza. Alikuwa ananiita kwa jina."

Watu waliguna. Shefu alimwambia Aliya kwamba harudi tena pale, atapelekwa kwa kaka zake Muhuta, na Jamali atajibu polisi. Hadija akamkumbatia, na hapo ndipo Aliya alipoanza kulia. Kisha shefu akamgeukia Anwari.

"Alikuita kwa jina, mzee. Na wewe ukafanya nini?"

"Nilifungulia redio," alisema Anwari.