Barabara Tuliyoachiwa Wazi

"Diploma haifungui mdomo wa askari!" Ndivyo walivyonicheka nyumbani mwaka 2016, niliposema nitaandika jinsi mji wetu ulivyoanguka, miezi ya mwisho ya vita, bila mapigano mitaani. Mimi, niliyejisomesha historia kwa kuuza mkaa! Nikakopa nauli, nikapanda basi Lubumbashi kwenda Johannesburg, walikohamia askari wa zamani wa pande zote mbili.

Zambia ikapita, Zimbabwe ikapita. Tulipovuka Limpopo sikuweza hata kusinzia kwa furaha.

Johannesburg nilipokelewa mtaa wa Bellevue, katika nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba. Wenyeji wangu walikuwa wawili, wanaotumia jiko moja: Papa Neema, fundi cherehani, aliyekuwa upande wa waasi waliouzingira mji wetu, na Papa Siku, mlinzi wa duka, aliyekuwa katika jeshi la serikali ndani ya mji huo.

Baada ya chakula Papa Siku alianza kujisifu. "Tulipenya, petit, mdogo wangu! Tulivunja mzingiro wao, tukavuka daraja!"

"Mlivunja nini?" Papa Neema alicheka. Akatandaza kitenge mezani, akachomeka pini pande tatu. "Huku, huku na huku tulikuwa sisi. Upande wa daraja tuliuacha makusudi. Jeshi lisilo na pa kukimbilia hupigana mpaka nyumba ya mwisho. Na mama yangu alikuwa mle ndani."

Papa Siku akasimama. "Eish! Kumbe mlitufukuza kama mbuzi?" Akachukua kofia yake ya kazi aondoke. Bila yeye ningerudi na maneno ya upande mmoja, na walionicheka nyumbani wangeshinda. Hapo ndipo kisomo changu kilipofanya kazi.

"Papa, darajani mlikuta mabomu ya kutegwa?"

"Hapana."

"Na risasi?"

Akasita mlangoni. "Zilipita juu. Juu sana. Nilidhani ni Mungu."

"Ni Mungu na mimi," alisema fundi. "Bunduki ya kilimani ilikuwa yangu."

Papa Siku alimtazama, kisha akaangua kicheko, akaketi. Wakanieleza yote, wakinyang'anyana pini.

Nyumbani nilichapisha kitabu, kikaisha chote. Nilikuwa nimejifunza kwamba mbinu kuu ya vita yaweza kuwa pale ambapo hukuweka askari.

Siku niliyomaliza madeni, wa mwisho kulipwa alikuwa Mama Tabu, muuza samaki aliyenikopesha sehemu ya nauli. Siku mji ulipoanguka alivuka daraja lile na mtoto mgongoni, nyuma ya askari wanaokimbia.

"Yule aliyepiga juu anaitwa nani?" aliuliza.

"Papa Neema."

Akanirudishia nusu ya fedha. "Mtumie. Mwambie tulifika."